Mwindo mbele ya barza: nani anajibu juu ya matendo yake?

1. Sababu ya kurudi kwa Mwindo

Hapa kwetu Kivu mtu akishikwa na aibu hakosi neno la kusema. Akiwa mtu wa kusali atasema: "Ni shetani alinijaribu." Akiwa na ugomvi na jamaa atasema: "Ni wachawi wa kwetu." Kitu kikiharibika kabisa, atasema: "Mungu njo alipenda hivyo." Na yule asiyekanyaga kanisani wala msikitini, yeye pia ana lake: "Ni inchi hii, ungefanya nini?" Maneno ni mbalimbali, lakini kazi yao ni moja: kumtoa msemaji katikati ya habari na kumweka pembeni, sawa mtu aliyekuwa anapita njia tu.

Hatuandiki kwa kuzarau imani ya mtu. Sisi wenyewe tunasali, na tunajua kwamba maombi yalisimamisha wengi katika miaka ya vita, tangu 1996, pale ambapo hapakubaki kitu kingine cha kushikilia. Lakini mtu akiulizwa "Wewe, umefanya nini?", anajibu nini? Swali hilo linamgusa anayeamini Mungu na asiyeamini, wote wawili. Tumelitafutia jibu katika hadisi ya Mwindo, mali ya Banyanga wa Walikale. Watu wengi wanaijua kama hadisi ya mtoto wa maajabu aliyeua nyama mkubwa wa pori. Tunaona kwamba wanaoisimulia hivyo wanaikata pale pale inapoanza kutuuliza sisi.

2. Kitabu na mwimbaji wake

Hadisi tunayoisoma iliimbwa mwaka 1956 na mzee Shekarisi Candi Rureke, kwa muda wa siku 12. Waliomsikiliza na kuandika ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji mchunguzi wa desturi, pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga ambaye alikuja kuwa mtaalamu wa lugha. Kitabu chao, The Mwindo Epic, kilichapwa Marekani mwaka 1969, chenye maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kingine, Hero and Chief, chenye hadisi zingine za namna hiyo hiyo. Sisi tulikijua kitabu cha kwanza kwa fotokopi tu, wakati tulipokuwa ISP katika idara ya Kiingereza na Utamaduni wa Afrika. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa Kivu anayetaka kumsoma Mwindo analazimika kupita kwanza kwa lugha ya Waingereza.

Rureke hakukaa kitini akisimulia. Aliimba, alicheza, alitikisa kibuyu chake, na wasaidizi walimpigia kijiti na kumwitikia. Banyanga wanaita hadisi ya namna hii karisi, na Karisi ni pia jina la roho: mwimbaji anajiweka chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo kuimba Mwindo kulikuwa tayari tendo la kiroho. Tukumbuke hilo, kwa sababu mtu huyu aliyejitoa kwa roho alituimbia hadisi ambamo hakuna roho hata moja inayobeba kosa la binadamu kwa nafasi yake.

3. Baba anayejificha

Mwami Shemwindo wa Tubondo ana wake saba. Siku moja anakusanya washauri na wakubwa wa kijiji, anatoa amri: wake zake wazae wasichana tu, na mvulana akizaliwa atauawa. Lakini Nyamwindo, mke anayependwa, anazaa mvulana, naye anatembea na kusema siku ile ile. Baba anamrushia mkuki, haumpati. Anaagiza azikwe, mtoto anatoka kaburini. Mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inaelekea kwa shangazi Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa wa maji.

Mwindo anarudi Tubondo pamoja na wajomba zake na shangazi, na Nkuba, bwana wa radi, anampigania. Kijiji kinaungua. Baba anakimbia: anang'oa mmea na kuingia chini ya udongo kwa Muisa. Mwindo anapofika kule, baba amekwisha kukimbilia kwa Ntumba. Kutoka pale anakimbilia kwa Sheburungu, ambapo mtoto analazimika kucheza mchezo wa kubahatisha, anapoteza karibu mali yote, kisha anashinda na kupewa baba yake.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mwami huyu anajificha wapi? Hajifichi msituni wala kwa mashemeji. Anajificha kwa wakubwa wa ulimwengu ule mwingine. Ni sisi leo kabisa. Ni mangapi tumeyaona: mtu amekula mali ya yatima, kesho yake anaingia katika chumba cha maombi, anafunga siku 3, anatoka akisema amesafishwa, na yatima bado ana njaa. Muisa anaweza kukupokea, hata kukupikia ndizi. Kosa lako limebaki Tubondo linakungoja.

Mwindo anamrudisha baba nyumbani, lakini hamuui. Watu wanakusanyika, barza inakaa. Na pale Shemwindo mwenyewe anafungua kinywa. Anasema mbele ya wote kwamba ni yeye aliyetoa amri, ni yeye aliyemtesa mtoto wake. Hamtaji Muisa, hasemi alirogwa, hasingizii mke. Kisha Iyangura, dada yake, anamkaripia bila kumwonea haya, na lawama yake inafika mpaka kwa washauri na wakubwa. Hiyo tunaipenda sana, kwa sababu siku ile ya amri wao walikuwapo. Kunyamaza mbele ya mwami ni tendo pia, na barza inalihesabu.

Mwindo anasamehe. Inchi inagawanywa: baba anabaki na sehemu yake, mtoto anapata ya kwake. Ni kusema kwamba ungamo la baba halikuishia kwa maneno. Liliondoa kitu mkononi mwake.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, nani leo anamtupa mtoto mtoni? Tembeeni katika miji yetu. Watoto wangapi wamelala sokoni kwa sababu baba alipoteza kazi, na mtu fulani akamwambia kwamba mtoto njo mchawi? Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwazibu anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria iko. Inayokosa ni barza ambamo baba anasimama na kusema: "Ni mimi nilimfukuza."

4. Nyama ya nguruwe

Wanaosimulia haraka wanamaliza hapo: mtoto mwema ameshinda baba mbaya, tupige makofi. Rureke hakumaliza hapo. Mwindo amekuwa mwami. Siku moja anatamani nyama ya nguruwe wa pori. Anatuma Batwa wake wakamwindie. Kule msituni wanakutana na Kirimu mwenye vichwa saba, naye anawameza. Mmoja tu anakimbia na kuleta habari. Mwindo anakwenda, anamuua Kirimu, watu wanafurahi.

Lakini Kirimu alikuwa na rafiki wa kuchanjiana damu, na rafiki huyo ni Nkuba. Harufu ya nyama inamfikia juu. Yule yule aliyepiga Tubondo kwa radi kumsaidia Mwindo, anashuka na kumchukua. Mwaka mzima Mwindo anateseka mbinguni: mvua inampiga, jua linamchoma, mwezi unamwunguza nywele, na wote wanamkaripia kwa majivuno yake. Anakatazwa kuua nyama yeyote, wa pori au wa kijijini, hata mdudu mdogo. Ndipo anarudishwa kwao.

Tulipofundisha sehemu hiyo katika mwaka wa tano wa sekondari, mwanafunzi mmoja alisimama kwa hasira: "Mwalimu, sasa Mwindo alikosa nini? Kirimu alikula watu!" Darasa lote lilikuwa upande wake, na siku ile sisi hatukuwa na jibu la kumtosha. Tulimwambia: "Rudia mwanzo." Tulikuwa tunatafuta na sisi.

Leo tunajibu hivi. Kosa halikuanzia kwenye mkuki. Lilianzia kwenye hamu. Kama Mwindo asingetamani nguruwe, Batwa wasingeingia pori lile. Waliomezwa walimezwa juu ya tumbo la mwingine. Alipokwenda kupigana, kila mtu aliona shujaa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliwatuma wale watu kule. Sisi watu wa Kivu tunapaswa kuijua hadisi hiyo vizuri kuliko wengine wote. Inatoka Walikale, kule kule Bisie ambako watu wameingia katika mashimo ya kasiteriti juu ya hamu ya watu wasiowajua. Kule kule mapigano ya mwaka 2025 yalifika mpaka mjini. Anayetuma mwenzake shimoni na anayetuma kijana vitani hawatoki damu mikononi. Wako mbali. Rureke anatuambia kwamba umbali si kinga.

Jambo la pili ni hili: Nkuba ni rafiki, na urafiki wake haumfunikii Mwindo kosa. Hili ni fundisho gumu kwa sisi tunaosali. Tunapenda Mungu awe wa upande wetu sawa mjomba mwenye cheo, wa kupigia simu tukishikwa njiani. Hadisi inakataa. Kadiri Mwindo anavyokuwa karibu na walio juu, njo kadiri wanavyomdai zaidi.

5. Yanayotusumbua katika hadisi

Kuchambua hadisi si kuisifu tu. Kuna mahali tunabishana nayo. Tubondo ilipoungua walikufa watu wengi ambao hawakutoa amri yoyote. Kweli, Mwindo akirudi na baba anawafufua kwa fimbo yake, na hesabu inakuwa sawa. Lakini sisi hatuna fimbo ile. Katika vijiji vyetu aliyekufa amekufa, na hakuna barza itakayomrudisha. Kwa hiyo msomaji wa leo asijifariji na fimbo ya Mwindo. Kwa sababu hatuwezi kufufua, inatupasa kufikiri kabla ya kuchoma.

Tena, Mwindo hajirekebishi mwenyewe. Ni lazima apigwe na mvua na jua kwanza. Mtu anaweza kusema: basi bila azabu ya mbinguni hakuna mwema, ondoa walio juu, na kila mtu atakula atakavyo. Hiyo njo hoja ya wahubiri wengi, na tumeifikiri sana. Lakini tazama hadisi yenyewe. Shemwindo aliungama katika barza ya watu, mbele ya dada yake na mtoto wake, hapakuwa na radi siku ile. Na Mwindo aliporudi kutoka juu, maneno aliyowaachia watu wake ni ya hapa chini kabisa: walime vyakula vya kila namna, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wasifuate mke wa mwenzao, wasimcheke mgonjwa anayepita kijijini, wampokee kila mtoto, mrefu ao mfupi. Mtoto aliyetupwa mtoni anarudi kusema kwamba kila mtoto apokewe. Mtu asiyeamini Mungu anaweza kushika maneno hayo yote bila kubadili hata moja. Na anayeamini hawezi kuruka hata moja kwa kusema kwamba alikuwa anasali.

Hatusemi kwamba imani ni bure. Tunasema kwamba imani haijibu kwa nafasi ya mtu. Kutoamini nako hakujibu kwa nafasi yake. Tunajua wasiosali wanaokula malipo ya wengine kwa kusema "inchi imekufa," sawa vile tunajua wanaosali wanaofanya hivyo kwa kusema "Mungu atasamehe."

6. Barza yetu sisi

Tungeweza kumaliza hapa, na shirika lingetuambia aksanti. Lakini tungekuwa tumefanya sawa Shemwindo kwa Muisa: kujificha ndani ya hadisi nzuri.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ambayo hatuitaji, kulikuwa na nafasi moja ya kusaidiwa masomo kwa mwanafunzi wa kwanza wa darasa. Wa kwanza alikuwa msichana, mtoto wa mama anayeuza mihogo. Wa pili alikuwa mtoto wa mfanyabiashara. Baba huyo alikuja kutuona jioni, akaacha bahasha. Mishahara ilikuwa imechelewa, nyumbani kulikuwa mgonjwa; ni kweli, lakini Shemwindo naye angeweza kuwa na sababu zake. Tuliongeza namba katika Kiingereza, kijana akapita mbele. Walimu wengine waliombwa pia. Mmoja tu alikataa, mwenzetu wa biologia, mtu ambaye hasali na hafichi kwamba hasali. Alisema: "Mimi sina mtu wa kuniombea msamaha kesho. Basi leo siandiki namba ya uongo." Tulimcheka, tukasema ana kiburi.

Mama wa msichana alipokuja kuuliza, sisi njo tulimpokea. Tulimwambia: "Mama, Mungu ana mpango wake juu ya mtoto." Alijibu: "Aksanti, mwalimu." Akaondoka. Tumesahau maneno mengi katika kazi hii ya ualimu, lakini ile aksanti hatujaisahau.

Baada ya yule mwanafunzi kutuuliza Mwindo alikosa nini, tulikaa majuma mawili bila amani. Kisha tulikwenda kwa yule mama sokoni, tukamwambia yote. Tulitazamia alie ao atutukane. Kusema kweli, tulitumaini atusamehe upesi tuende. Hakufanya moja wala lingine. Alipanga mihogo yake, akauliza: "Na sasa utafanya nini?"

Hakuna mwalimu wa ISP aliyetufundisha swali kubwa kuliko hilo. Shemwindo alipoungama, inchi iligawanywa. Sisi hatuna inchi. Tangu siku ile tunalipia shule mdogo wa yule msichana, mwaka kwa mwaka, na wakati mwingine tunachelewa. Msichana mwenyewe anauza pamoja na mama yake. Akituona anasalimu kwa heshima, na salamu yake ni nzito. Nafasi yake hatuwezi kumrudishia. Fimbo ya kufufua hatuna.

Walimu wenzetu wa wakati ule hatujawahi kuwaambia kwamba tuliungama. Tunawaambia leo, katika kitabu hiki ambacho wengine wao watasoma. Washauri wa Tubondo walikuwapo pia siku ya amri.

7. Kumaliza

Wazee wa Banyanga walikuwa na Ongo muumba, walikuwa na Nkuba na Muisa na Kahombo wa bahati njema, kila mmoja na mahali pake. Hawakuwa watu bila dini. Lakini walipotaka kumfundisha kijana nini ni mtu mzima, walimwimbia habari ya baba aliyelazimika kusema "ni mimi," na ya shujaa aliyelazimika kusikia "ni wewe." Maneno hayo mawili njo tunaona kuwa mwanzo wa maisha ya rohoni, kwa mwenye kusali na kwa asiyesali.

Tunaomba basi wazazi na walimu: msiwasimulie watoto Mwindo nusu. Mkifika pale Kirimu anapokufa, msifunge kitabu. Waacheni watoto waulize alikosa nini. Na wakimaliza kumwuliza Mwindo, muwe tayari, kwa sababu watageuka na kututazama sisi.